Dada Resti, Nilikubonyezea Ndiyo

Dada Resti,

Wewe hukupenda barua inayoanza na kilio, kwa hiyo naanza na bahati yangu. Mdogo wako nina bahati ya kuzaliwa nayo, kama chui na madoa yake. Watu wa utafiti wametazama wakusanya takwimu wote wa huku kwetu, kuanzia Laela mpaka Mwimbi, wengine wana digrii kabisa, wakasema huyu Deo ndiye anayetufaa. Duru ya pili inaanza, na mimi ni msimamizi. Nitakuwa na watu kumi na wawili chini yangu. Nimepewa kofia, nimepewa begi lenye zipu nyingi, nyingine sijajua bado zinafunga nini. Na yule dada mtafiti kutoka Dar, aliyekuwa akiniita "wewe wa pikipiki", siku hizi ananiita Bwana Deo mbele za watu. Mtu aliyeishia kidato cha pili. Wenzangu wa kijiweni wanakunja sura kama wamekunywa pombe ya kimpumu iliyochacha.

Nyumbani ni wazima. Nimehamia kwako ili mwanao Oliva asibaki peke yake. Ulezi tumevuna, si haba. Jogoo wako mwenye kiburi tulimchinja siku ya arobaini yako, na hata ndani ya sufuria aliendelea kubisha, kuni mzigo mzima hakulainika. Upepo wa mwezi huu unakata masikio. Koti lako la kijivu analivaa Oliva akienda shule, mikono imempita vidole.

Sasa nikueleze kilichonichefua.

Majuma matatu yaliyopita watafiti walikuja kutupa mrejesho. Ukumbi wa kata ulijaa. Bango kubwa, maji ya chupa, fulana nyeupe zilizoandikwa ELIMU NI KINGA. Dada mtafiti akasimama, akasema utafiti wa elimu na uelewa wa afya kwa wanafunzi na jamii umekamilika, na kijiji chetu kinapongezwa. Akasema wanawake wa kijiji chetu wanazifahamu dalili za saratani ya mlango wa kizazi "kwa kiwango cha kuridhisha". Kwa sababu hiyo manesi wa kuelimisha na gari la uchunguzi wataanzia bondeni, Milepa na huko, ambako uelewa bado. Sisi tusubiri.

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alipiga mpaka kofia ikamkaa upande.

Dada, wewe ulikuwa na miezi minne ardhini, kwa ugonjwa huo huo uliotajwa. Kaburi lako halijawekewa hata saruji. Na mimi nilipiga makofi. Nilivaa fulana yao, nikapiga makofi kwa mikono hii hii. Fulana sasa nafutia mnyororo wa pikipiki, na bado naiona safi kuliko mimi.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusimulia habari za kazi ile, ukicheka mpaka unaomba nikome? Leo hazinichekeshi. Zinanitia kinyaa. Ile ya shuleni kwa akina Oliva, tulipogawa karatasi za maswali, mwalimu wa nidhamu akasema, "Shule hii haitapata sifuri mbele ya wageni." Akageukia ubao, akaandika majibu kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, herufi tupu. Binti mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, mbona hatuandiki majina?" Akajibiwa ni siri, majina hayatakiwi. Binti akasikitika kweli. "Sasa nani atajua mimi nimepata zote?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikakusanya karatasi, nikazifunga kwa rababendi, nikasaini kwamba kila mwanafunzi amejibu kwa hiari na kwa ufahamu wake.

Na ile ya sabuni. Tuliambiwa tuombe kuona sabuni ya kunawia mikono. Mzee wa nyumba ya kwanza akamtuma mkewe aazime kwa jirani, akatuonyesha kipande cha bluu chenye alama ya jino la panya. Nyumba ya pili, kipande cha bluu chenye alama ya jino la panya. Sabuni ile ilitutangulia kitongoji kizima, inapita uani sisi tukipita barabarani. Nikaandika nyumba zote zina sabuni. Ungewalaumu? Sisi tumelelewa kwamba mgeni haondoki kwako mikono mitupu. Akija na njaa anapewa ugali, akija kutafuta jibu anapewa jibu. Kumwambia mgeni "sijui" ni kumfungia mlango. Wale wa Dar hawakulijua hilo. Mimi nililijua, nikanyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda haraka na mimi nilikuwa nasifiwa kwa haraka.

Basi. Nimezunguka vya kutosha. Nije kwako.

Kanuni zilikuwa mbili. Usihoji ndugu yako, na maswali ya wanawake aulize mwanamke. Kwenye kundi letu mwanamke alikuwa Jenifa, binti wa Laela, mpole lakini halipui swali. Siku ya zamu ya kijiji chetu alikuwa bado hajamaliza kitongoji cha pili, akaomba tumsubiri kesho. Mimi nikasema nini? Nikasema, "Kwetu pale? Nipeni mimi. Saa nane mchana nimemaliza, nimeoga." Wakacheka, wakanipa.

Ulikuwa uani unapepeta ulezi. Uliponiona na kile kishikwambi na kitambulisho shingoni, ukaweka ungo chini, ukachuchumaa ukapiga makofi kama unamsalimia mkubwa. "Karibu, mheshimiwa. Leo redio yetu imekuja na kioo." Nikakaa kwenye kigoda, nikakuuliza idadi ya watu wa nyumba, choo, maji ya kunywa. Ulijibu yote kweli. Maji huchemshi, ulisema, kuni zenyewe ziko wapi. Wewe peke yako kijiji kizima ndiye uliyesema huchemshi.

Halafu ikaja sehemu ya saba.

Nikueleze kile kidude kinavyofanya kazi, kwa sababu ndicho kilichonishika. Hakikubali kuruka swali. Swali la kwanza la sehemu ya saba linauliza kama mhojiwa anazijua dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Ukibonyeza NDIYO, sehemu inafungwa, unakwenda mwisho, asante kwa ushirikiano. Ukibonyeza HAPANA, unatakiwa umsomee dalili zote, moja moja, kwa sauti, umwulize kila moja kama anayo, kisha umpe karatasi ya kwenda kupimwa. Damu inayotoka wakati si wake. Damu baada ya kukutana na mwanaume. Majimaji yenye harufu. Nimsomee nani? Dada yangu aliyeniogesha? Kwetu hapa kaka hakai kitanda kimoja na nguo ya dada yake, ndiyo nimtajie hayo mdomoni?

Nikasoma swali lile mbio mbio, kama kondakta anayetaja vituo. Ukanitazama.

"Deo, hicho unachokimeza ni nini?"

"Mambo ya wanawake. Unayajua."

"Kama ni yangu, si uniulize mimi?"

Nikacheka. Wewe pia ukacheka, lakini ulikuwa unasubiri, Dada. Sasa najua ulikuwa unasubiri. Ulishika ungo bila kuuinua. Nikabonyeza NDIYO. Ukasema, "Haya, andika unavyojua, wewe ndiye msomi." Ukaniletea togwa.

Baada yako niliwabonyezea wanawake wote waliobaki. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Saa nane mchana nilikuwa nimemaliza, nimeoga.

Mama Skola, jirani yako, ndiye aliyenieleza baada ya mazishi. Alisema wakati ule wa mahojiano damu ilikuwa imeshakuanza, wewe ambaye hedhi ilikukoma zamani. Ulimwambia kwa utani, "Shoga, ujana umenirudia." Ukachemsha mizizi. Ukajifunga vitambaa. Ulikwenda shamba na kurudi, ukasuka ukili, ukanipigia simu kuniuliza kama nimekula. Tulipokupeleka hospitali Sumbawanga, daktari alikufunika shuka taratibu, akaniita pembeni. Akaniuliza, "Mlikuwa wapi muda wote huu?" Nikamjibu kwa ujuvi kwamba wewe ni mtu wa kuficha. Nilikusingizia ukiwa hai, nyuma ya pazia. Sijui kama ulisikia.

Nilifikiri nitaishi nalo hivyo hivyo, kama kokoto kwenye kiatu. Tatizo ni Oliva.

Oliva alikuwa ukumbini siku ya mrejesho, na sare, na koti lako. Shule ilimtuma. Alisikia kila neno. Njiani nyuma ya pikipiki, tulipofika kwenye daraja la miti, akasema karibu na sikio langu, "Kumbe mama alikuwa anajua."

Upepo ulikuwa mkali, nikajifanya sijasikia.

"Alijua, akanyamaza. Akaona bora kufa kuliko kuniambia."

Tangu siku ile hakutaji. Kwenye jumuiya, Jumamosi, tunapowaombea marehemu na kila mtu anamtaja wake, anafunga mdomo. Mama Skola akamnong'oneza, "Mtaje mama yako." Akasema, "Ana siri zake huko." Mbele za watu, Dada. Mtoto wako wa mwisho, uliyemzaa ukiwa umeshakata tamaa, ukazunguka naye mgongoni kijiji kizima ukimwonyesha kama kombe la mpira. Anakuchukia kwa jambo ambalo nililibonyeza mimi kwa kidole.

Nikaanzia kwa watafiti, kwa sababu mimi ni mwoga na kule kulikuwa mbali na Oliva. Nikawakuta mjini, kwenye hoteli wanayofikia, wanakula samaki, migebuka ya kukaanga. Nikamwambia dada mtafiti wazi: sehemu ya saba ya kijiji chetu ni uongo, niliijaza mimi, hakuna mwanamke aliyeulizwa. Wa kwanza kati yao amekufa na ni dada yangu. Akaacha kutafuna. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli, sitamsingizia. Halafu akasema, "Lakini Deo, ripoti imeshapokelewa. Takwimu zimefungwa." Nikamwambia zifunguliwe. Akasema kijiji kimoja hakibadilishi picha nzima. Picha nzima. Nikatazama mfupa wa mgebuka kwenye sahani yake, nikatoka nje nikatapika kwenye maua yao. Usidhani nilitapika kwa ajili yake. Yeye alikosea kwa mbali, hakuwahi kukuona. Mimi nilikunywa togwa yako.

Jana jioni nikamwambia Oliva. Alikuwa jikoni anachambua maharage. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, unanijua, nina maneno kwa kila msiba. Yote yakapotea. Nikasema, "Mama yako hakujua. Mimi ndiye niliyeandika kwamba anajua. Niliona aibu kumwuliza."

Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Yeye alitaka kuulizwa?"

Nikasema ndiyo. Nikamwambia neno lako, lile la kama ni yangu si uniulize mimi. Nilimwambia lote, na ulivyoshika ungo.

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye bakuli, moja moja. Kisha akanawa mikono, akachukua jembe lako nyuma ya mlango. Nilipoinuka akasema, "Usinifuate, mjomba." Nilimwona kwa mbali kaburini kwako, analima magugu kwa hasira, koti limemfunika. Alirudi giza linaingia. Akaniwekea chakula mezani, akafunika, akaenda kulala bila neno. Leo asubuhi pia bila neno. Sijui atanyamaza mpaka lini na sina haki ya kumharakisha. Lakini alipokuwa anafunga kiatu nilimsikia anasema peke yake, "Mama maskini." Anakutaja, Dada.

Nenda salama, Resti wa mama yetu, mama yangu wa pili. Ahadi yangu ni hii. Nimekwenda Laela nikamwomba Jenifa, amekubali, na nesi wa zahanati amekubali. Kuanzia Jumatatu nawapakia kwenye pikipiki, nyumba kwa nyumba, zile zile nilizozibonyezea. Jenifa atauliza sehemu ya saba kwa sauti, kila dalili kwa jina lake. Mimi nitasimama mlangoni na nitamwambia kila mwanamke kwamba mara ya kwanza nilimdanganya. Tutaanza na Mama Skola. Oliva amezaliwa na wewe, naye siku moja nitahakikisha anaulizwa, na anasubiriwa mpaka ajibu.

Na ule usimamizi niliokutambia huko juu, hakuna. Sikuchaguliwa. Siku ile pale hotelini walininyang'anya kitambulisho na wakalifuta jina langu. Kofia na begi sijawahi kupewa. Sina bahati yoyote, Dada. Nilikudanganya tena.

Mdogo wako,
Deo