Saa Niliyoimwagia Mafuta ya Cherehani

Jumamosi, 1 Machi. Louisville
Skrubu imeruka tena. Ndogo kuliko punje ya ulezi. Nimetambaa chini ya meza kwa magoti haya mabovu, kumbe imenasa kwenye soksi yangu. Mzee Filipo wa kanisani kwetu amekaa tu, anakunywa chai yangu, anasema nabana kibano kama nashika kuku. Kule kambi ya wakimbizi alikuwa fundi saa. Siku hizi mikono inamtetemeka, hawezi kushika kitu. Mdomo hautetemeki.

Hii ni ya tatu. Saa za mitumba, za kutia ufunguo, mbovu zote. Za kujifunzia. Ya kwanza imekufa kabisa. Ya pili ukiilaza inatembea, ukiisimamisha inagoma. Kama mimi.

Amenikataza kugusa ya marehemu mume wangu mpaka hii ya tatu ipone. Nani kampa ukubwa nyumbani kwangu?

Jumatatu, 3 Machi
Hapa hakuna anayesoma, niandike ukweli. Saa ya Baba Onesmo niliiharibu mimi.

Baada ya kumzika mume wangu ilianza kuchelewa. Mimi nimeshona kambini miaka mingi. Cherehani ikigoma nilikuwa naifungua mwenyewe, naimwagia mafuta, inatembea. Basi nikabandua mgongo wa saa kwa kisu cha jikoni, nikaimiminia mafuta yale yale ya cherehani. Nikajaza. Ikakimbia kama ina wazimu. Maharage hayajaiva, yenyewe imeshafika jioni. Halafu ikasimama kabisa.

Filipo alipoiona alicheka mpaka akafuta macho. Ndani mna springi nyembamba kama unywele. Ikiloa, mizunguko yake inagandana. Mafuta ya saa yanatiwa kwa ncha ya sindano, tone usiloliona. Sasa mimi ningejuaje? Cherehani haina aibu hizo.

Watoto hawajui. Na kilio cha baba yao hakijaondolewa, msiba haujafungwa. Kwetu ndugu wanakusanyika, vitu vya marehemu vinawekwa mezani, mkubwa anakabidhiwa mbele ya watu. Mkubwa ni Onesmo, yuko Buffalo. Saa ile wanaijua wote, baba yake alihubiri nayo. Sitampa mwanangu chuma kilichokufa mbele ya wakwe zake.

Jumapili, 16 Machi
Onesmo kapiga simu baada ya ibada. Anataka tuondoe kilio Jumamosi ile baada ya Pasaka. Nimemwambia Buffalo kuna baridi, magoti yangu hayataki. Nimedanganya, tena siku ya Bwana. Baadaye kapiga dada yake Agripina wa Columbus, kuuliza kama naumwa. Ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Siitaki.

Alhamisi, 27 Machi
Kazini Jeffersontown maboksi yalikuwa mengi, vidole vimevimba. Nimerudi nikakaa mezani hivyo hivyo. Ya tatu imetembea. Ukiilaza, ukiisimamisha, ukiipindua. Nimepiga makofi peke yangu.

Filipo kaisikiliza sikioni. Kasema inakohoa. Lakini karuhusu niguse ya marehemu. Sikumshukuru.

Jumamosi, 5 Aprili
Nimeifungua. Kila kipande nimekipiga picha kwa simu kabla ya kukitoa, nimekipanga kwenye sahani kwa zamu yake. Mafuta yangu yamegeuka ulimbo. Nimeosha kwa petroli ya kujazia viberiti, madirisha wazi, baridi inaingia. Ile springi nimeichovya mara tatu, pumzi nimezuia. Mzunguko mmoja ukaachana na mwenzake, kisha mwingine.

Macho yalitoa machozi. Petroli.

Jumatano, 9 Aprili
Inatembea. Lakini inazidi dakika nne kwa siku. Haifai. Nimeifungua tena.

Jumatatu, 14 Aprili
Dakika mbili. Nimeifungua tena. Onesmo kauliza kama akodi ukumbi. Nimemwambia asogeze mbele. Kauliza mpaka lini. Nimemwambia asinipigie kelele. Hakuwa anapiga kelele.

Jumamosi, 26 Aprili
Leo ingekuwa siku yenyewe. Nilikuwa na bisibisi mkononi, nafungua mgongo wa saa, Filipo akaweka kikombe chini. Hakunicheka.

"Mama Onesmo, hiyo saa imepona tangu wiki ile kabla ya Pasaka. Unaifungua ya nini?"

Nikamwambia inazidi dakika moja. Akasema hata alipokuwa hai yule mzee ilizidi moja, na ibada haikuharibika.

"Huitengenezi. Unamkatalia mtoto."

Nimemfukuza. Kasahau kofia yake. Nimemtupia mlangoni.

Jumapili, 27 Aprili
Kanisani nimekaa benchi la nyuma nisimwone. Nimemwona. Sikusikia neno la mahubiri.

Ni kweli. Kilio kikiondolewa, basi, amekufa. Nilitaka kisiondoke. Mjinga mimi.

Jumatatu, 28 Aprili
Nimempigia Onesmo. Tarehe 17 Mei. Kasema asante Mama, kama mtoto mdogo. Kisha nimepika maandazi, nimempelekea Filipo. Kasema yamekauka. Kala manne.

Alhamisi, 15 Mei. Columbus
Nimelala kwa Agripina, karibu na chuo kikuu. Vijana wanapita na magodoro mabegani, wanahama. Nimemsimulia yote, asije akayasikia kwa mdomo mwingine. Kanigombeza: kwa nini hukuipeleka dukani? Kagombeza vizuri, mkono kiunoni. Huyo wangu.

Kisha akataka fundi wa hapa aikague tu. Nimekataa. Kama itasimama, isimame mikononi mwangu.

Jumamosi, 17 Mei. Buffalo
Ndugu walijaa mpaka kwenye ngazi. Vitu vyake mezani: fimbo, koti, Biblia, saa. Waliponiita nimkabidhi Onesmo, nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Hayakuja. Nikasema tu:

"Saa hii niliiua mimi kwa mafuta ya cherehani. Na mimi ndiye nimeifufua. Ikikusumbua usinilaumu, mlaumu Filipo."

Wakwe walicheka sana. Nilidhani nitaona haya. Sikuona. Onesmo aliiweka sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mchungaji akakohoa.

Niliivua nguo nyeusi chumbani. Agripina alinifunga kitenge cha njano. Kimenibana.

Jumatatu, 19 Mei. Buffalo
Mvua. Kesho narudi. Nitapita Grant Street kununua dagaa na unga wa muhogo, wa huku ni mzuri.

Asubuhi nimemsikia Onesmo chumbani akiitia saa ufunguo kabla ya kwenda kazini. Anazungusha haraka mno, kama anafunga nati. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkaripie.

Nimeufunga. Ni yake.