Uso Mtupu wa Mama Vukosava

Jumanne, 19 Desemba 2023

Leo ni Mtakatifu Nikola: kila nyumba anayoilinda inafungua mlango kwa wageni. Nusu ya mji wetu wa Novi Sad imepika, nusu nyingine inazunguka kula. Sisi tulirekodi! Mama Vukosava, mwigizaji wetu, alitaka mwenyewe. Mtakatifu wa nyumba yake ni huyuhuyu Nikola, lakini alisema wageni ni wa jioni, asubuhi ni ya kazi. Miaka yote ile ya jukwaani haijamtoka.

Wakati wa mapumziko akatoa bakuli la ngano tamu na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda. Studio nzima ikapanga foleni kumpongeza, busu tatu kila mtu. Na mimi.

"Na wewe Boško, wa nyumba yako ni nani?"

Nikola, nikasema. Leo pia.

Akacheka. "Basi tumekwisha, mwanangu! Mimi nakaa kwangu kungoja wageni, wewe unakaa kwako. Hatutatembeleana mpaka mmoja wetu afe."

Jioni. Samaki, mkate, mshumaa. Siku hii mtu haalikwi — anayejua, anakuja. Inaelekea hakuna anayejua.

Jumatano, 20 Desemba

Samaki tena. Wa baridi.

Kazini, balaa. Zile nukta nyeusi tulizombandika Mama Vukosava usoni — kamera ya kichwani inazifuata, programu inazigeuza kuwa uso wa bibi wa kwenye mchezo wa kompyuta. Bibi anamuaga mjukuu stesheni. Hasemi neno, ni uso tu. Rekodi za asubuhi safi. Za baada ya mapumziko, vurugu! Midomo ikifumbwa, nukta ya juu na ya chini zinabadilishana nafasi. Hilo nalijua, nanyoosha kwa mkono, picha moja moja. Lakini mashavu! Mama akitabasamu, bibi wa kwenye skrini anaonekana ana jino bovu.

Relja akaja kuegemea kiti changu. Bosi, ana umri wa viatu vyangu vya baridi. Anasema tatizo ni mikunjo, inameza nukta.

"Usijitese, mzee wangu. Ijumaa mchana ikiwa bado, namchukua yule dada wa tangazo la mtindi. Tutamzeesha kwa kompyuta."

Nikauliza Mama Vukosava ataambiwa nini.

"Ataambiwa asante."

Alhamisi, 21 Desemba

Si mikunjo. Ni mabusu!

Nukta za shavu la kulia zimehama zaidi kuliko za kushoto. Kwa nini? Chumba hakina mtu, nikasimama nikabusu hewa. Kulia, kushoto, kulia. La kulia linapata mara mbili! Foleni nzima ilimpitia. Nukta zikasogea, nyingine zikabanduka, zikarudishwa kwa makadirio ya watu waliokwisha kuonja rakija. Programu bado inaamini ziko zilipokuwa asubuhi. Maskini, haijawahi kubusiwa. Mimi nimeizidi kwa siku moja.

Dawa naijua, nilijifunza kwa kuharibu: uso mtupu. Uso usioigiza, usiotaka kitu. Ukiionyesha programu uso huo, inaanza upya kutoka hapo. Kila baada ya mapumziko huwa tunarekodi mmoja. Juzi — rakija — tulisahau.

Kwa hiyo nimetafuta ndani ya rekodi nzima dakika moja ambayo Mama hafanyi kitu na uso wake. Hakuna! Huyu mama hata akipenga kamasi anaigiza.

Baadaye.

Nimeupata, mwisho kabisa. Relja anasikika akimwambia: haya Mama, kimbia, wageni watakukuta njiani! Naye: "Wee! Hata viti nimeazima kwa jirani!" Kicheko. Mlango, wenzetu wametoka. Kamera ya kichwani mwake bado inawaka, hakuna aliyeizima.

Na uso ukashuka. Wote kwa pamoja, kama pazia lililokatika kamba. Macho hayatazami popote.

Nikasimamisha picha hapo. Kwa kazi, unafaa kabisa. Sijawahi kuona mtupu kuliko huo.

Lakini sikuendelea na kazi. Uso ule naufahamu. Kila jioni nakutana nao kwenye kioo cha lifti yetu.

Ijumaa, 22 Desemba

Imekaa! Bibi anamuaga mjukuu, shavu linapanda linapotakiwa. Relja alitazama mara mbili. Umefanyaje, mzee? Nikasema nimepata uso mtupu. Wapi, si tulisahau? Mwishoni, nikasema. Akatosheka. Mama Vukosava anabaki. Dada wa mtindi abaki na mtindi wake.

Nikampigia Mama kumpa habari. Akashangilia kwa ile sauti inayofika viti vya nyuma. Nikamwambia, kwa kuwa Nikola wetu amepita, sasa ninaweza kuja kumpongeza.

Sauti ikashuka kidogo, kisha ikapanda tena.

"Njoo saa kumi. Ila nakuonya, mwanangu, nyumba bado imejaa watu."

Nitasimama, nikasema.

Saa kumi kasoro. Niko kwenye benchi mbele ya jengo lake, chupa mfukoni, kalamu haishikiki kwa baridi. Tangu nifike hajaingia mtu, hajatoka mtu. Ghorofa ya kwanza, taa moja. Dirisha liko wazi kidogo, na ninasikia viti vinaburutwa. Kimoja. Kingine. Kingine tena — anavipanga vyote!

Nimwambie nilichokiona? Nilikuja nikidhani nitamwambia.

Pazia limesogea. Ameniona. Anapunga mkono, anacheka kwa uso mzima, kama yupo kazini.

Napanda. Nikivikuta vile viti, nitauliza wageni wenzangu wameondoka saa ngapi.