Maji ya Pweto chini ya tundu ya shaba

Jambo sana Mama,

Tumbo ya mutoto wangu nilikuachia ingali inamuuma? Huku Elisabethville baridi ya asubuhi inauma, lakini chupa ya maji ya kwetu Pweto ilifika muzima. Yaya Musonda, kaka yangu mukubwa, aliipokea na mikono mbili, maana mwenye kukaa mbali anakunywa kwanza maji ya kwabo.

Mbele ya kunywa alitaka kujivuna kwa bibi yake, muke alioa huku, mwenye kusifu maji ya robine, ile bomba ya muji. Alitoboa kipande ya shaba na sindano, akatia tone ya maji mu katundu. Ilivimba sawa jicho ya samaki, na kila kitu chini yake ilionekana kubwa. Tuliweka maji ya Pweto juu ya kioo, tukachungulia mu ile tone. Mama! Tunyama tunaogelea, tunakimbizana! Bibi yake alicheka mpaka machozi. Yaya alimwanga ile maji mu sufuria, akaiweka ku moto.

Wewe unasema maji ya kuchemusha inakufa, haina tena utamu. Ile ilipopoa, Yaya alikunywa, akafunga macho.

"Hii njo Pweto kabisa, utamu haikupotea," alisema.

Jifunike muzuri, Mama yangu. Na mutoto umuchemushie. Hata akikunywa ya kuchemusha, hatasahau kwabo.

Monga, binti yako