Fundi ameliinua gari langu

Alhamisi

Miezi mitatu nimehangaika kulishusha hili gari langu la wazi la viti viwili, ili Jumamosi nikienda na wenzangu kulikimbiza kwenye uwanja wa mbio za magari lishike kona. Leo nimempelekea Mzee Saidi abadilishe breki tu, nikakuta kaliinua!

“Mwanangu, lilikuwa linakwaruza chini. Nimekuwekea mipira kwenye springi, sasa hata Chemba, na barabara yake mbovu, unafika. Hiyo zawadi.”

Ningemgombezaje mzee wa watu, naye kafurahi vile? Nikasema, “Ahsante, baba.”

Kuitoa mipira hiyo ni kazi ya siku nzima, na kesho niko ofisini mpaka jioni. Jumamosi litayumba kwenye kila kona, wenzangu wacheke.

Kinachoniudhi zaidi, nikirudi nyumbani Zuzu nilivuka matuta yote bila kukwaruza, nikajikuta napiga mluzi.