Sauti ya Baba Katikati ya Nyimbo

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimeisha au bado unajifanya daktari? Sisi huku wazima, tunashukuru. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Mimi na cherehani yangu tunazeeka pamoja.

Sebule yetu siku hizi imekuwa karakana. Nimeishusha amplifaya ya Baba kutoka juu ya kabati, nikaipangusa vumbi, na inawaka. Spika zilikuwa uvunguni, panya wamekula kitambaa cha mbele. Nikazishonea kingine kwa mabaki ya suti ya mteja, na zimependeza kuliko mteja mwenyewe. Mwalimu jirani kanunua TV bapa, akatupatia sisi ile yake ya chogo. Deki za video na kaseti nimezitoa kwa fundi redio wa hapa mtaani.

Fundi huyo alisema vitu hivi ni vya makumbusho. Nikamwambia na yeye ana mvi lakini bado anafanya kazi. Alinilipizia nilipochanganya waya nyekundu na nyeusi, spika zikaongea kama mtu aliyefunikwa ndoo. Alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanirekebishia.

Mama alipoona mambo yametengemaa, akaingia chumbani akatoka na kaseti. Unaijua. Ni ile Baba aliyoturekodia nasaha zake, tukaiweka wiki moja baada ya kumzika, ikatoka nyimbo za redio. Mama aliizima palepale akakugeukia wewe, kwa kuwa ndiye uliyependa nyimbo. Ulikana, hakukusikia. Mwaka huohuo ukaondoka, na tangu hapo salamu zako kwake ni mstari mmoja.

Mdogo wangu, aliyeifuta ni mimi. Kaseti haikuandikwa kitu, nami sikujua kilichomo. Nilipojua, Baba hayupo tena, na Mama amekwisha kukulaumu wewe. Nikaogopa, nikanyamaza miaka kumi na tisa. Naona haya hata kuandika. Nisamehe.

Safari hii, alipotoka nayo chumbani, nilijaribu kumzuia Mama, nikasema mkanda utakatika. Akasema, "Weka. Nataka kukisikia hicho kilichomfukuza mwanangu." Nikaweka.

Unakumbuka tulivyokuwa tunarekodi: kinasa mbele ya redio, mlango umefungwa, mtu asikohoe. Basi wimbo wa pili ulipoanza, mlango ukalia humo kwenye mkanda, na Baba akauliza, "Umeiona miwani yangu?" Nami nikasikika namjibu, "Baba, nyamaza, narekodi."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mama alinitazama, akasema, "Kumbe wewe," basi. Alilia, nami nikalia. Kisha akaniambia nirudishe mkanda nyuma, maana zile nasaha zimepotea lakini sauti ya Baba imo. Siku ile ya baada ya maziko hatukufika kwenye wimbo wa pili.

Sasa huisikiliza kila asubuhi akiwa na chai yake. Juzi alinituma nikuandikie kwamba alikuonea na anajuta, na kwamba angeandika mwenyewe ila macho hayamruhusu. Macho anayo. Anaogopa hutajibu.

Shangazi anakusalimu, na binamu yetu fundi viatu anauliza miguu ya watoto imefika namba ngapi. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Kuna kipande sijakuambia. Baba aliipata miwani yake, na kabla hajatoka alisema, "Haya, zima hicho. Mwite mdogo wako, chakula kinapoa." Sikukuita. Nilisubiri wimbo uishe kwanza.

Sasa nimezima. Njoo nyumbani, mdogo wangu, chakula kinapoa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyechelewa kukuita.