Vidole vya Kifaru

Jumatatu, mtaa wa Mowlem. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo nilizoanika jana bado zinadondosha maji.

Tulirudi jana mchana kutoka hifadhi ya vifaru. Baba yuko chumba cha pili na redio yake. Tangu tufike hajaniuliza kitu, na hilo si kawaida yake.

Nitayaandika kwa mpangilio yalivyotokea. Sijui njia nyingine ya kuandika.

Baba alichonga vifaru kwa miaka thelathini na minane, katika karakana moja ya wachongaji huku Eastlands. Vifaru tu. Ndivyo kazi ilivyogawanywa: huyu twiga, yule ndovu, mwingine vijiko vya saladi. Anayeanza hupewa sampuli, mnyama aliyechongwa na mwenzake, anaiiga mpaka mikono iizoee. Hakuna aliyewahi kupelekwa kumwona mnyama mwenyewe. Vifaru wa Baba walifika mpaka kwenye maduka ya hoteli za mbugani. Yeye hakufika.

Mimi nilifika. Kwa kazi yangu ya gazeti nimeandika habari za ujangili, za vifaru kuhamishwa, za ndama kuzaliwa. Nimelala kwenye loji za watalii kama ile tuliyotoka mara nyingi, kwa gharama ya ofisi. Nikirudi Baba alikuwa akiuliza, "Umewaona?" Nilikuwa nikijibu kwamba nimewaona, kisha naketi kuandika.

Aliwahi kuniomba nimpeleke. Nikamwambia tungoje uchaguzi uishe. Tangu hapo zimepita chaguzi mbili.

Mwaka huu presha ya macho imemmaliza jicho la kushoto. La kulia linaona mwanga, na kivuli cha kitu kikubwa kikisogea. Daktari alisema kilichopotea hakirudi.

Hapo ndipo nilipopata nafasi.

Tulifika loji Ijumaa. Mahema yenye sakafu ya mbao, veranda inayotazama bwawa la wanyama, wafanyakazi wakarimu. Karibu na mapokezi kuna rafu ya vinyago. Baba aliipapasa mpaka akapata kifaru, akampindua, akapitisha kidole gumba tumboni.

"Mzee, tafadhali usishike," binti wa mapokezi akasema.

"Huyu ni wa Kioko," Baba akaniambia mimi. "Mvivu huyo. Nilimfundisha mwenyewe, na mpaka leo tumboni hapigi msasa."

Binti alicheka. Baba pia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka safari hiyo.

Jumamosi asubuhi tulitoka na Leshan, dereva wa loji. Tulikuta kifaru mmoja amesimama kando ya njia, hatua kama ishirini kutoka kwetu. Nilishika kichwa cha Baba kwa mikono miwili nikakielekeza.

"Naona kama jiwe," akasema. "Niambie."

Nikamwambia. Tope lililokauka mpaka begani. Masikio yanageuka kila moja upande wake. Pembe ya mbele imechakaa ncha. Nilieleza kama ninavyoeleza kwa simu habari inayosubiriwa chumba cha habari, bila neno la ziada.

"Na vidole vinne umeviona?"

Nilichukua darubini.

"Vitatu," nikasema. Sikufikiri. Niliulizwa, nikahesabu, nikajibu.

"Hesabu tena."

"Vitatu, Baba."

"Ni vitatu, mzee wangu," Leshan akasema. "Mwenye vinne ni kiboko."

Baba akaeleza, taratibu, kana kwamba anatoa ushahidi. Alianza kazi kwa kuchonga viboko, miaka miwili. Mchonga vifaru aliporudi kwao Kitui, Baba alipewa kigoda chake. Sampuli ya kifaru iliyobaki ilikuwa imevunjika miguu. Miguu akaitoa kwa kiboko, kwa sababu ndiyo aliyoijua. Wote waliokuja baadaye walijifunza kwake.

"Kwa hivyo na wa Kioko ana vinne," akasema. "Na wa wote."

Leshan akajaribu kumtuliza. "Mzee, mtalii hahesabu vidole. Anaangalia pembe tu."

"Mimi si mtalii, kijana. Mimi ndiye niliyetakiwa kuhesabu."

Kifaru akageuka akaingia kichakani. Tulimsikia akivunja matawi.

"Mama," Baba akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Wewe umewaona mara ngapi?"

Niliirudisha darubini kwenye mfuko wake.

Kifaru mmoja wa Baba amekaa juu ya meza yangu ya kazini miaka kumi na mmoja, amelalia karatasi. Nimepiga picha za vifaru walio hai, nimezipanua kwenye kompyuta, nimesahihisha maelezo yake, na yule wa mti yuko pale pale kando ya mkono wangu. Nimewahi kumrudishia mwandishi mchanga habari nzima kwa sababu ya jina la mtaa lililokosewa. Kifaru wa baba yangu sikuwahi kumtazama miguu.

Jana asubuhi Leshan alikuja kuuliza kama tungetoka tena kabla ya kuondoka. Baba alikataa, lakini akaniambia mimi niende.

"Angalia mkia unaanzia wapi. Angalia shingo inavyoingia begani. Angalia mdomo. Andika, usiseme utakumbuka."

Nilikaa na vifaru wawili kwa saa moja na nusu. Nilijaza kurasa nne. Nilichora hata kwato, mimi nisiyejua kuchora. Leshan alizima injini na kuniacha nifanye kazi. Katika miaka yangu yote ya uandishi sikumbuki kuandika maelezo makini kuliko yale.

Nilimkuta Baba kwenye veranda, chai imepoa mbele yake, viganja vimetulia magotini. Nikavuta kiti, nikafungua daftari.

"Usisome," akasema.

Nilidhani amenichanganya na mhudumu aliyekuja kumsomea menyu. "Ni mimi, Baba."

"Najua ni wewe. Usisome. Ukisoma nitataka kuchonga."

Nikalifunga. Tukakaa hivyo mpaka gari lilipokuja kutuchukua.

Sasa redio inasoma taarifa ya saa saba. Daftari liko mkobani. Sijui nimsubiri aulize mwenyewe, au niingie sasa hivi nimsomee, kwato, mdomo, mkia, hata akisema hapana. Angekuwa mmoja wa watu ninaowaandika gazetini, ningekuwa nimeshajua la kufanya.