Fundi anayenitaka anataka kuifungua injini yangu, na garanti inakataa

Mpendwa Tanti Mwanvua,

Nishike mkono kabla Ijumaa haijafika, naomba msaada wako, maana hapa ninapoandika nina furaha iliyochanganyika na wasiwasi mpaka sijui kipi kinaanzia wapi. Naitwa Houda, mzaliwa wa Buyenzi, nina gari jeupe ninalolikodisha kwa maharusi na ninaliendesha mwenyewe, ndiyo, mwanamke, na mabibi harusi wananipenda kwa sababu najua kungoja mtu amalize kulia na mama yake ndipo niwashe injini. Gari hili nililinunua kwa muuzaji mmoja hapa mjini, na garanti ya kwanza ilipokwisha nikachukua ya nyongeza, ambayo inasema injini ikiharibika wao ndio watakaoitengeneza, ila mtu mwingine yeyote akiifungua, basi, garanti imekufa.

Sasa sikia yaliyonipata. Jumamosi iliyopita nilikuwa nampeleka Orlane, binti wa Kikongo anayekaa Kibenga, akaolewe Muramvya, yeye nyuma na gauni lake limejaa kiti kizima, pembeni yake shangazi yake Maman Namegabe ameshika maua, na nyuma yetu pikapu imebeba wapiga tarumbeta. Unaijua ile njia ya kupanda Bugarama, Tanti, malori yanashuka na ndizi, baiskeli zimejishikiza nyuma ya malori yanayopanda, huwezi kwenda mbio hata ukitaka. Tulikuwa tunaimba. Mara nasikia harufu tamu, kama sukari inayoungua, naangalia mshale wa joto, umepanda mpaka kwenye nyekundu! Nikatafuta pa kusimama hapohapo, nikazima. Mvuke ukatoka mbele kama sufuria imefunuliwa.

Maman Namegabe akapiga kelele, "Endelea tu, Houda! Padri anangojea!"

"Apana, Maman. Nikiendelea injini inakufa."

"Basi tuimwagie maji!" Na kweli, mama wa watu akashuka na viatu vyake vya kisigino, akachukua chupa ya maji ya kunywa, akafungua boneti, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha radiateri. Hapo ndipo mtu mmoja aliruka kutoka kwenye pikapu ya tarumbeta akaja mbio huku anapaza sauti, "Maman, usiguse! Itakuunguza uso! Acha ipoe!" Akafika, akamshika mkono kwa adabu, akamrudisha nyuma. Huyo ndiye Ilias. Ni fundi, siku hiyo alikuwa amepanda na rafiki zake wapiga tarumbeta, na ana garaji yake ndogo Buyenzi, mtaa wa nyuma ya kwetu, na mimi miaka yote nilikuwa namsalimia tu na kupita.

Orlane alianza kulia. Rangi ya macho ikashuka mpaka kidevuni. Wapiga tarumbeta wakaangaliana, kisha mmoja akaanza kupiga, sijui nani alimwambia, wenzake wakafuata, na wanawake waliokuwa wanalima mlimani wakaacha majembe wakateremka wakipiga vigelegele, na Tanti, wallahi, bibi harusi akashuka kwenye gari akacheza! Kando ya barabara, gauni amelikusanya mkononi, malori yanapiga honi. Ilias akasema, "Bibi harusi akae mbele kwenye pikapu, mi nabaki na gari." Wakampandisha, Maman Namegabe akakaa nyuma katikati ya tarumbeta na maua yake, na hivyo ndivyo walivyofika kanisani, wakipiga njia nzima. Bwana harusi alivyowaona, nimeambiwa, alicheka mpaka padri naye akacheka.

Mimi na Ilias tukabaki kando ya barabara. Alingoja mpaka chuma kimepoa ndipo akafungua kifuniko kwa kitambaa, taratibu, akaniambia maji yameisha kabisa. Tuliongea. Kwao, mama yake, kazi yake, kwa nini hajaoa. Tanti, sijawahi kuongea na mwanamume namna ile, nilisahau kama nina gari lililokufa. Tulivutwa mpaka nyumbani jioni, na kesho yake akaja kuniangalia, na siku iliyofuata akaja tena, akamkuta baba mdogo Chabani uani, akamwambia waziwazi, "Mzee, mi namtaka Houda kwa ndoa. Na kabla ya kuleta wazee wangu nataka nimtengenezee gari yake kwa mikono yangu. Ijumaa baada ya sala nitakuja kuifungua hapahapa uani, sitaki kitu chochote." Anasema kilasi imekwisha, yaani kichwa cha injini, ana uhakika.

Nyumba nzima ilishangilia! Baba mdogo amekwisha alika ndugu waje kuangalia, mama yangu amenunua mchele wa pilau, dada yangu Soumaya ananiita mke wa fundi. Na mimi nimesimama katikati yao nacheka, moyo unaruka, na kwenye kabati langu kuna karatasi ya garanti inayosema mtu asiguse injini.

Sijamwambia mtu. Nikimwambia Ilias asiifungue, si ni kama nimemkataa mwenyewe mbele ya ndugu zangu wote? Si ataona namdharau, kwamba garaji ya mjini yenye vioo ni bora kuliko mikono yake? Nikimwacha aifungue na akakosea, gari ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Na garaji ya garanti wamesema kwenye simu niilete lakini watakaa nayo, wakati nina bibi harusi mwingine anayenisubiri Kajaga wiki ijayo. Tanti, nampenda. Nadhani nampenda. Nifanye nini?

Houda, Buyenzi


TANTI MWANVUA ANAJIBU

Houda binti yangu, barua yako nimeisoma nikiwa nasimama na kukaa. Hongera kwa kuzima injini mlima ule bila kumsikiliza Maman Namegabe. Wengi wangesukuma mpaka kanisani na leo wangekuwa na chuma cha kuuza kwa kilo. Na huyo Maman, mwambie ametoka salama kwa neema ya Mungu. Kifuniko cha moto hakiguswi, hata harusi iwe ya nani.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeniambia mimi, nisiyekujua, habari ya garanti, na yule unayetaka kuolewa naye hujamwambia! Unaogopa ataona unamdharau. Atakuonaje, Houda, siku akijua alikuharibia garanti huku wewe umesimama pembeni na sahani ya pilau unatabasamu? Mtu huyo hajakataa garanti yako. Hajui kama ipo. Umemwacha ajitangaze mbele ya ukoo wako gizani, halafu unaliita jambo hilo adabu. Si adabu, ni woga, na woga huo ukiuingiza ndani ya ndoa utalala katikati yenu.

Fanya hivi. Gari usiliwashe tena, hata kulisogeza kivulini usiliwashe. Leo hii piga simu ile garaji, waambie waje kulivuta wenyewe kwa gari la kuvutia, na likifika wakuandikie kwamba limefika injini haijafunguliwa. Usimwachie mtu aongeze dawa ya kuziba radiateri wala maji ya bomba, watakuuliza. Waeleze ulivyosimama mara tu mshale ulipoingia kwenye nyekundu, na mashahidi unao, tena wenye tarumbeta.

Bibi harusi wa Kajaga mwambie leo, si siku ya harusi. Mtafutie gari la mwenzako unayemwamini na wewe mwenyewe uende naye, ukae pembeni yake akilia.

Kisha nenda garaji kwa Ilias. Usimtume baba mdogo, usimtume Soumaya, nenda kwa miguu yako na karatasi mkononi, umwambie kabla ya Ijumaa, nyinyi wawili tu. Mwombe akusindikize mjini mkalifuate gari. Akikasirika kwa sababu umeilinda kazi yako, mshukuru kwa kubaki na wewe barabarani na umwache aende zake, maana umejifunza mapema. Akikaa na wewe kwenye benchi la garaji ya watu wengine bila kununa, hapo una mwanamume.

Na jambo la mwisho. Neno la ndoa na neno la injini yatenganishe. Usimkubali kwa sababu alikusaidia barabarani, na usimkatae kwa sababu ya karatasi. Mkubali kama unamtaka. Nimeona "nadhani" moja tu katika barua yako yote, na nadhani ulikosea kuiandika.

Tanti Mwanvua


HOUDA AMETUANDIKIA TENA

Tanti, nimefanya ulivyosema! Nilimkuta Ilias amelala chini ya gari la mtu, nikaongea na miguu yake kwanza, nilikuwa na woga hivyo. Akatoka. Akasoma karatasi yote, mikono imejaa grisi, polepole, akaniuliza, "Na we ulitaka kuninyamazia mpaka Ijumaa?"

"Niliogopa utaona nakudharau."

"Houda, mi nataka kukusaidia, sitaki kukuvunjia. Ingekuwa ningejua, nisingesema vile mbele ya mzee." Kisha akaenda kunawa. "Twende mjini," akasema.

Baba mdogo alinuna, kwa sababu alikwisha alika watu. Ijumaa tulikula pilau bila injini, na Ilias alikuja, na alikula kuliko wote.

Garaji walipofungua, kilasi ni nzima! Ilikuwa pampu ya maji, inavuja kwa ndani, na garanti imeibeba yote. Ilias alikuwa amekaa na mimi kwenye benchi wakati mkuu wa mafundi anatueleza. Aliinamisha kichwa, nikadhani ameona aibu, kumbe anacheka. "Nilikuwa na uhakika kabisa," akasema. "Ningekufungulia injini nzima bure, na ningekukosea." Hakujitetea, hakumtukana fundi wa watu. Alimwomba amwonyeshe ile pampu, akaigeuza mkononi akiuliza maswali kama mwanafunzi.

Halafu akaniuliza mimi, hapohapo kwenye benchi, bila baba mdogo, bila mama, kama namtaka. Kompresa yao, ile mashine ya kujaza upepo, ilikuwa inanguruma hatusikilizani. Ikabidi nipige kelele, "Ndiyo, nakutaka!" Na kompresa ikazimika ghafla, Tanti, nikiwa katikati ya neno, na garaji nzima ikasikia.